Nyuma ya Invermoy

Nikutegee, nawe usikimbilie kujibu. Nyumba ya ghorofa saba, msingi haina. Ina majiko, ina ukumbi wa dansi, ina kitanda cha kila mgeni, na asubuhi ukiamka huikuti pale ulipoiacha jana. Ni nini hiyo?

Kwetu Freetown, miaka ile ya vita vya Hitler, mtoto anayeota meno angekujibu, usingepewa mji wowote. Ni meli. Wala si hizi za mizigo zinazonuka mawese. Ni zile za abiria, zilizokuwa zikileta mabibi wa Kizungu na kofia zao, nyeupe tupu, zimewaka taa juu mpaka chini kama arusi. Vita vilipoingia zikapakwa rangi ya kijivu, madirisha na yote. Ukumbi wa dansi ukatundikwa machela, na chumbani alimokuwa akilala bibi mmoja na mbwa wake wakalazwa askari kumi na wanane. Tena hazikuja moja moja. Unafungua dirisha asubuhi unakuta bandari imejaa, ishirini, thelathini, zimenyamaza kwenye mvua kama watu waliofika msibani mapema. Zinachota maji, zinapakia makaa. Siku ya tano unafungua dirisha lile lile, maji matupu.

Mami Lavinia Thorpe alizijua vizuri kuliko makarani wa bandari. Nyumba yake ya mbao ilikuwa juu kidogo ya soko la King Jimmy, na baraza yake ilitazama maji. Yeye ndiye aliyekuwa na machungwa. Askari hawakuruhusiwa kushuka, basi wenye mitumbwi walikuja kuchukua machungwa kwake alfajiri, wakayapeleka chini ya zile kuta za chuma, na vikapu vikapandishwa kwa kamba. Wakirudi walimsimulia. Kwamba wale vijana wamejaa juu huko kama dagaa. Kwamba wengine walikuwa hawajawahi kuona chungwa likiwa na rangi ya kijani, wakadhani wanaibiwa.

Alikuwa mjane, mnene wa wastani, mwenye sauti ya kuongoza wimbo kanisani hata asipoombwa. Mwanawe alikuwa mmoja, Idowu. Kabla yake walikuja pacha, wakaondoka na surua hawajatimiza mwaka. Kisha akaja yeye, na anayekuja baada ya pacha jina lake ndilo hilo, hata kama mjomba alikwisha chagua Cornelius. Watu husema akina Idowu ni wakaidi tangu tumboni. Huyu wa Mami Lavinia alipewa kiti na kalamu ofisi ya forodha, kazi ambayo mama zetu wengi wangeifungia na kuiombea, akaikalia miaka miwili, kisha akatangaza mezani, kijiko kikiwa mkononi, kwamba anakwenda baharini kusukuma makaa ya tanuri za meli.

Mama yake aliacha kula siku mbili. Siku ya tatu njaa ilimshinda, akakubali.

Aliyemtia wazimu huo alikuwa Nyema, Mkru, wa lile kabila la mabaharia wa kule ghubani, mtia makaa tangu utoto. Mtu mrefu, mpole, mwenye mikono iliyojaa alama za kuungua. Ila jina la Nyema walilitumia nyumbani kwao tu. Nahodha wa kwanza kumwandika kazi alishindwa kulitamka, akatazama mezani pake, akaandika kilichokuwepo. Kwa hiyo kwenye vitabu vya meli, na mjini kote, alikuwa Chupa Tupu. Hakuona vibaya. Alikuwa na binamu aliyeandikwa Jumatatu Jioni. Mami Lavinia alimlisha kama wake, na kumsema kama wake.

"Chupa Tupu, umeniharibia mtoto."

"Mami, mtoto alikuja ameharibika tayari. Mimi nimemwonyesha njia tu."

Nyema alikuwa amemtafutia rafiki yake nafasi ya kuanzia, kwenye kijimeli kimoja cha mizigo kilichobeba chumvi na saruji hadi Takoradi. Kijimeli chembamba, kikuukuu, kinachokohoa, kinachopita karibu na pwani peke yake na kurudi peke yake. Aliona ni pazuri kwa mgeni wa kazi. Mami Lavinia alipokwenda kukitazama pale gatini alirudi amebadilika rangi.

Peke yake? Nyambizi za Wajerumani zimejaa huko nje, halafu mwanawe aende na kitu kile, peke yake?

Nawe umwelewe. Mji ule hakuna aendaye peke yake. Kanisani tunakwenda kwa safu, sokoni kwa kundi, maziko barabara nzima. Mwanamke akizimia kaburini, mikono sita imemdaka kabla goti halijagusa udongo, na mwenye chumvi ya kunusa amekwisha kuifungua. Mami Lavinia alikuwa ameziona meli kubwa zikikaa pamoja, zikiondoka pamoja, manowari zikizizunguka kama walezi. Akazipima kwa kipimo alichokuwa nacho. Mmoja wao akianguka, alijiambia, wenziwe wako pale.

Akavaa gauni lake la Pasaka, akafunga keki za tangawizi kwenye kitambaa, akateremka hadi ghubani kwa nyapara wa Wakru, mzee aliyekuwa akiwapanga watia makaa kwenye meli zote. Akamwomba mwanawe atolewe kwenye kile kijimeli awekwe kwenye msafara. Yule mzee alimtazama sana. Akamuuliza kama anajua anachoomba. Akasema anajua. Mzee akafungua keki moja, akala, akafikiri. Kikosi chake kilikuwa kwenye meli ya Balmerran, na kilikuwa kimejaa, akiwamo Nyema. Lakini Invermoy, ya msafara ule ule, ilikuwa imepungukiwa msukuma makaa mmoja aliyelazwa na homa. Mtoto ataingia huko.

Idowu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Mami, umenitafutia kanisa linaloelea."

"Cheka tu," akamwambia. "Lakini utakuwa na watu."

Ziliondoka mwezi wa sita, mvua ikianza kukolea. Mami Lavinia alisimama barazani tangu asubuhi na chai yake ikapoa. Aliitambua Invermoy kwa mabomba yake mawili ya moshi, moja likiwa fupi kuliko lenzake. Zilipita moja moja katika mlango wa zile nyavu za chuma zilizofunga bandari, zikaingia kwenye ukungu. Wenye mitumbwi walimwambia kwamba huko nje, jicho lisikofika, ndiko zinakojipanga mistari, kila moja na ya mbele yake na ya nyuma yake, na hazibadilishani nafasi mpaka zifike. Jambo hilo lilimpendeza. Alilala vizuri usiku ule.

Barua ilikuja mwishoni mwa mwezi wa saba. Imepigwa chapa, ina mistari minne, inasema meli imezamishwa na adui na mfanyakazi I. Thorpe hajulikani alipo. Alikuwa bado ameishika, hajaamua kulia, Nyema alipoingia uani. Alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka Kepu, kusini kabisa mwa Afrika, kwa meli nyingine. Alikuwa amekonda. Hakukaa mpaka aliposukumiwa kiti.

Alimweleza kwa sauti ndogo. Kwamba ilikuwa siku ya tisa tangu watoke, saa kumi za jioni, bahari imetulia. Kwamba Invermoy ilipigwa ubavuni, ikalala upande, ikazama kwa muda ambao ungechemsha sufuria ya wali. Kwamba Idowu hakufia ndani gizani. Alitoka, alikuwa juu ya maji, mzima, ana jaketi la kuelea. Baadaye manowari moja ndogo ilirudi ikaokota watu mia mbili na kitu, yeye hakuwamo.

Mami Lavinia alishukuru kwa hilo la kutoka gizani. Alilishukuru kwa sauti, akiwa amefumba macho. Kisha akayafumbua.

"Niliambiwa zinakwenda mistari."

"Ndiyo, Mami."

"Basi nyuma yake alikuwa nani?"

Nyema aliomba maji. Akaletewa, akanywa kikombe kizima polepole, akakirudisha mezani kwa uangalifu kama kitu cha kioo. Akasema mama yake ghubani hajui kama amefika, na ingekuwa vyema akajionyeshe. Akaaga. Na tangu siku hiyo hakurudi, mtu aliyekuwa akila pale mara tatu kwa juma.

Mami Lavinia hakumfuata. Swali alilolitupa lilibaki hewani, naye akalijibu mwenyewe kwa namna iliyomfaa. Majirani walipokuja kumpa pole aliwaambia zile meli zilizunguka. Zote. Zilizunguka zikatafuta mpaka giza likaingia, watu wamejipanga ukingoni na kamba mikononi, ila bahari ni kubwa. Alilisema kanisani siku ya ibada ya kumbukumbu, amesimama, bila karatasi, na akina mama wakalia kwa jinsi lilivyokuwa jambo zuri. Nyema alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango. Waliomwona wanasema alitoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Sasa, aliyekufa kwetu ana siku yake ya tatu, ana ya saba, ana ya arobaini. Siku ya arobaini anapikiwa. Panachimbwa shimo uani, anawekewa chakula, anaitwa jina lake, anaambiwa yote ya nyumbani. Akikubali, anakwenda kupumzika na walio wake. Asipokubali anabaki akizurura, na wa baharini ana shida zaidi, maana hana hata kaburi la kurudia. Idowu alikuwa na shimo hilo tu. Mami Lavinia alikwisha kuacha kutaka mambo mengine. Alitaka mwanawe ale, aridhike, apumzike.

Akatuma mtu kwa Nyema. Ujumbe ulikuwa mfupi: Idowu hana ndugu wa kiume, shimo ni lako kuchimba.

Nyema alikuja.

Siku yenyewe mvua ilikuwa ya mwezi wa nane, isiyo na haya. Wanawake walianza kazi kabla hakujapambazuka, chini ya turubai lililofungwa kutoka ukutani hadi kwenye mti wa limau. Kunde zilikuwa zinatokota na mawese, ndizi zinakaangwa, akara, zile bajia za kunde, zinarushwa kwenye mafuta moja moja, na moshi umewajaa machoni kiasi kwamba hakuna aliyejua nani analia na nani anapika. Anti Rosamond, dada yake marehemu Bwana Thorpe, alikaa kwenye kiti cha peke yake na kuonja kila chungu. Alisema kunde zimepungukiwa pilipili. Aliambiwa kunde si zake. Akasema hata Idowu alipenda pilipili, akaambiwa basi Idowu atasema mwenyewe. Mchungaji alipita saa tano, akaomba sala fupi, akala akara sita, akatazama saa yake na kuondoka kabla ya shimo, kama wanavyofanya wachungaji wote wa mji ule ili wasije wakaulizwa na wakubwa wao.

Nyema alichimba kando ya mlimau. Mvua ilimmwagikia naye hakutafuta kofia. Alichimba kwa utulivu, kwa mkono wa mtu aliyezoea beleshi, na alipomaliza pembe zilikuwa zimenyooka. Hakuingia chini ya turubai. Alisimama pale pale na jembe lake.

Mvua ilipotulia kidogo, saa nane hivi, watu wakalizunguka shimo. Aliyesimamia alikuwa Grani Abiose, kizee kifupi kilichokula chumvi nyingi, macho yamefifia lakini masikio kama ya paka. Akamwaga maji, akamwaga rumu. Akaita Idowu kwa majina yake yote, hata lile la Cornelius ambalo hakulitumia, akamwambia mama yako amepika, shangazi yako yupo, rafiki yako yupo, njoo. Mami Lavinia alipiga magoti kwenye tope na gauni lake jeusi, akaweka chakula shimoni kwa mkono wake. Kunde, akara, ndizi, kipande cha kuku.

Kisha Grani Abiose akatoa kokwa mbili za kola, nyekundu na nyeupe, akazipasua katikati. Vipande vinne. Ndivyo tunavyowauliza. Viwili vikitazama juu na viwili vikilala kifudifudi, amekubali, watu wanapumua, watoto wanaruhusiwa kugombea kunde zilizobaki. Akazirusha.

Zote nne zikaanguka kifudifudi.

Akaziokota, akazifuta kwenye kanga yake, akanong'ona, akarusha tena. Kifudifudi. Mara ya tatu akamwongeza Idowu rumu kwanza, kidogo, ya kumbembeleza. Kifudifudi, zote nne, zimepachikana kwenye tope kama zimegongewa misumari.

Turubai lilichuruzika. Grani Abiose akachutama, akasema bila kumtazama mtu. "Kuna aliyeshika neno. Mtoto amekuja, anasubiri. Anayelo alitoe, tusimchoshe, ametoka mbali."

Ndivyo ilivyo. Huwa kuna kitu. Chuki ndogo, uongo, kitu kilichoazimwa. Watu wakatazamana, na Anti Rosamond akakohoa. Akasema, kama ni lazima, basi mwavuli huu aliojifunika ni wa Idowu. Aliuchukua Pasaka ya mwaka juzi. Alikusudia kuurudisha.

"Shangazi," mtu akasema nyuma, "umemjia nao kwenye arobaini yake?"

"Mvua inanyesha," Anti Rosamond akasema. "Ulitaka nije na nini?" Lakini akaufunga, akauweka kando ya shimo, na nywele zake alizozitengeneza tangu jana zikaanza kulowa. Jirani wa upande wa juu akaungama kuhusu kuku. Fundi cherehani akasema suruali ya kazini ya marehemu aliishona fupi kwa makusudi, maana kijana alimcheka mke wake. Watu walicheka, hata Mami Lavinia alivuta mdomo kidogo. Kola zikarushwa. Kifudifudi.

Kicheko kikaisha.

Mami Lavinia alikuwa bado magotini. Alizitazama zile kola. Alikuwa na lake, na tangu siku ya barua alikuwa amelilalia kama mtu anavyolalia mkono uliovunjika, akitafuta upande usiouma.

"Ni mimi," akasema. "Grani, ni mimi."

Akanyoosha mkono kuelekea chini, bandarini. Kupitia uwazi kati ya nyumba mbili kilionekana kile kijimeli chembamba kimefungwa gatini, kinatoa moshi. Kilikwenda Takoradi, kikarudi. Kilikwenda tena, kikarudi tena. Alisema mwanawe alikuwa na nafasi mle, naye ndiye aliyemtoa. Alisema kuhusu gauni la Pasaka na keki za tangawizi. Alisema yule mzee wa ghubani alimuuliza kama anajua anachoomba, akajibu anajua, na hakuwa akijua kitu. "Niliogopa asije akafa peke yake. Nilitaka awe na watu. Idowu, baba, nilikutakia watu."

Hakuna aliyemgusa. Palikuwa na wanawake ishirini pale ambao maisha yao yote walidaka waliozimia, na hakuna aliyenyoosha mkono, kwa sababu alikuwa hajaanguka. Grani Abiose akaokota kola, akazipuliza, akarusha.

Tatu zikalala. Moja ikatazama juu.

"Amesikia lako," Grani Abiose akasema taratibu. "Bado moja."

Mami Lavinia akaiangalia ile iliyofunguka, nyeupe kwenye tope jeusi. Kisha akainua kichwa. Hakuwatazama majirani wala shangazi. Alimtazama Nyema, aliyesimama upande wa pili wa shimo, maji yakimtiririka usoni, mikono yote miwili kwenye mpini wa jembe.

"Nyema," akasema. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina hilo. "Leo usiniombe maji. Nyuma yake alikuwa nani?"

Nyema akaanza kwa mbali. Akasema mama aelewe kwamba kuna amri. Kabla ya kuondoka kila nahodha hupewa, na hata watia makaa huambiwa. Meli ya askari haisimami. Ikipigwa moja, nyingine zinageuza uso na kukaza mwendo, kwa sababu ile nyambizi bado iko pale chini, inangojea mjinga wa pili, na kila meli ina watu elfu tatu tumboni. Hakuna aliyezunguka. Hakuna aliyesimama ukingoni na kamba. Ile manowari ndogo ilirudi giza lilipoingia, baada ya saa tatu nzima. Akasema wakubwa waliopanga hivyo hawakuwa watu wabaya. Alilifikiria sana jambo hilo, kila siku, na bado anaona kwamba hesabu yao ilikuwa sawa.

Yale maneno yalimpita Mami Lavinia kama upepo unavyopita kwenye nguo zilizoanikwa. Ile hadithi yake ya kanisani ilikuwa imekufa mbele ya wote walioililia, naye hakuitazama.

"Sijakuuliza amri," akasema. "Nimekuuliza mtu."

Mvua ilikuwa inaanza tena, matone makubwa, yakipiga juu ya kunde shimoni. Nyema aliliweka jembe chini. Alionekana hajui afanye nini na mikono, akaushika mmoja kwa mwingine.

"Tulikuwa sisi, Mami," akasema. "Balmerran. Nilikuwa nimetoka zamu, niko juu napunga upepo. Tulipita katikati ya wale walio majini, karibu hivi, kama kutoka hapa hadi pale jikoni. Walikuwa wanashangilia. Walituona tunakuja, wakadhani tumekuja kuwachukua, wanapiga makofi kwenye maji. Yeye aliniona kabla sijamwona. Akaniita, Chupa Tupu, umechelewa, anacheka, ananinyooshea mkono. Mimi nikanyoosha wangu. Halafu kengele ikalia chini, nahodha anataka mvuke, mvuke wote, na nyapara wa melini akatuita kila mtu ashuke, wa zamu na asiye wa zamu. Ningeweza kumtupia kitu. Palikuwa na boya pale, lilikuwa karibu na goti langu. Mimi nikashuka, Mami. Nikashika beleshi, nikatia makaa."